Sketi ya Tangi

Kuna watu huamshwa na jogoo. Fundi aliamshwa na pampu, tena ilimwamsha kwa kunyamaza. Miezi minane mngurumo wake ndio uliokuwa ukimbembeleza. Ukikatika tu, macho hayo, kodo.

Akajikokota hadi uani na fulana yake nyeupe. Jua ndiyo kwanza linachungulia. Tangi la plastiki, ambalo zamani lilibeba sabuni ya maji kabla halijapandishwa cheo na kuwa nyumba ya samaki, lilikuwa kijani kibichi. Samaki walijazana juu, midomo nje, wakigombania hewa. Wawili hawakugombania chochote. Walielea ubavu.

"Leo wamechangamka!" ikasema sauti ya Mama Mkwe kutoka dirishani.

"Wamechangamka sana, Mama," akajibu Fundi, akiwatia marehemu kwenye ndoo.

Mradi wenyewe ni mwepesi sana mdomoni. Samaki wanakula na kujisaidia mumo humo majini. Pampu inapandisha maji kwenye beseni la kokoto lenye spinachi, spinachi inakula uchafu, maji yanarudi kwa samaki yakiwa safi. Kila mmoja anaishi kwa uchafu wa mwenzake, kama ofisini. Kilichosahaulika kutajwa ni ukoga, ule utando wa kijani unaoteleza. Haukualikwa na hauchangii, lakini ukipata mwanga na mbolea unanenepa. Unakula haki ya spinachi, unaziba bomba, na jua likizama unavuta pumzi ileile wanayoihitaji samaki.

Fundi alikuwa ameshona sare za shule kwa miaka thelathini na miwili, mgongo wake ukachukua umbo la cherehani. Sasa kila alfajiri aliupinda upya kwenye tangi, brashi mkononi, akikwangua kuta, akichota ukoga, akizibua bomba kwa waya wa henga ya nguo. Saa mbili alipokaa kwenye cherehani, alikuwa amekwisha kuchoka uchovu wa siku ambayo haijaanza.

Aliyeleta balaa hili ni shemeji yake, kaka wa mkewe, aliyejulikana kama Mtaalamu kwa sababu alihudhuria semina ya siku mbili. Siku ya pili ilikuwa ya kugawa vyeti. Asubuhi hiyo alikuja, akachungulia ndoo, akatikisa kichwa kama daktari asiyehusika.

"Shemeji, unawalisha kupita kiasi."

"Wewe ndiye uliyesema wale mara nne kwa siku."

"Elimu inakua. Lakini hasa ni mwanga. Funika tangi lote kwa kitambaa kizito cheusi, ukoga ufe njaa. La sivyo, wiki ijayo unazika ukoo mzima."

"Kufunika nakujua. Na mama yako atatazama nini?"

Wote wawili wakageukia dirisha. Mama Mkwe alivunjika nyonga, kitanda chake kikasogezwa hapo, na mke wa Fundi akatoa amri: mama hana wageni, ana samaki tu, ole wake atakayemnyima. Ndiyo maana Fundi kila siku alianza kusugua upande wa dirisha. Aliwahi kujaribu kulifunika tangi, lakini kwa akili ya fundi anayetaka mteja apendeze: alilishonea shela ya neti ili Mama aone ndani. Tangi likapendeza kama bibi harusi, na ukoga ukala fungate humo mwezi mzima.

Mkewe, nesi, akarudi kutoka zamu ya usiku, viatu mkononi. Akaona ndoo.

"Wakifa wote je?"

"Mama atatazama bwawa la supu."

"Basi funika. Ila kamwambie mwenyewe."

"Mimi? Si mama yako?"

"Ni mama yangu, lakini ukoga ni wako." Akaingia kulala.

Fundi akaenda dirishani, akakohoa kikohozi cha mkwe mwenye adabu.

"Mama, samahani sana. Samaki wanakufa. Inabidi nilifunike tangi, giza kabisa. Hutawaona tena."

Mama Mkwe akaanza kucheka, polepole, nyonga isije ikaamka.

"Mwanangu, samaki siwaoni. Macho yalifunga duka kabla ya nyonga. Usimwambie mkeo, ataniburuta hospitali."

"Na kila siku unasema wamependeza?"

"Ningekuacha uchoke bila hata sifa?"

Fundi akaegemea ukuta. Alikumbuka alfajiri zote zile, kucha za kijani, upande wa dirisha kwanza.

"Sasa ulikuwa unatazama nini, Mama?"

"Kuna kitu cheupe kinainama na kuinuka. Nilijua ni wewe. Mtu akiinama mbele ya dirisha langu, najua kumekucha na sijasahauliwa. Ningekuambia sioni, ungekuja kufanya nini hapa?"

Fundi akaingia ndani kuchukua futi yake ya kupimia.

Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Fundi aliyavulia, kisha akayashonea na nyingine. Alilipima tangi kama mteja mnene, kiuno na urefu, akalishonea sketi nyeusi nzito yenye marinda, na kofia juu yenye tundu la kulishia. Akapunguza chakula. Wiki tatu baadaye ukoga ulikuwa unabanduka wenyewe, kahawia, umekonda. Spinachi ikanyanyua masikio. Samaki kumi na tisa waliobaki wakashuka chini, wakaacha kuomba hewa. Mtaalamu akaja kupiga picha, akasema semina ile ilikuwa na manufaa.

Alfajiri iliyofuata pampu ilinguruma bila kukatika. Kwa mara ya kwanza Fundi angeweza kulala hadi saa moja. Alilala chali, macho kwenye dari, mwili mzima ukimsihi abaki. Kisha akavaa fulana nyeupe, akachukua sare isiyopigwa pindo na sindano, akatoka, akaigeuza ndoo na kuikalia chini ya dirisha.

"Umechelewa," ikasema sauti.

"Nimechoka, Mama."

"Najua. Inama kidogo basi, nikuone."

Akainama.