Kutolewa Kwenye Kikundi cha Mama

Mimi hufundisha jinsi kompyuta zinavyozungumza. Nilikulia kijijini Merigi, nikichuma chai na mama kabla ya kwenda shule, na kompyuta niliiona mara ya kwanza chuoni. Nilipomweleza mama ni kitu gani, aliuliza kama inakamuliwa.

Hata hivyo ni yeye aliyeniingiza kwenye kikundi cha familia cha simu. Nilikuwa nimekataa katakata. Sina muda, nilisema, wa picha za maua na "amina, amina" zisizoisha. Dada yangu akamwonyesha mama pa kubonyeza ili arekodi sauti, na ujumbe wake wa kwanza ukaja kwangu: "Wewe profesa, unajifanya mkubwa kwa nani? Ingia!" Ningefanya nini? Niliingia.

Na nilikipenda, wacha niseme ukweli. Ng'ombe amezaa, mvua imekataa, jirani amehama kanisa. Nilimsikiliza mama ofisini nikicheka peke yangu kama mwehu.

Halafu akalazwa hospitali ya Kaplong. Ninafundisha mbali, mwendo wa nusu siku kwa gari, na mitihani ilikuwa imeanza. Habari zote za wodini nilizipata kwenye kikundi: amekunywa uji, amekataa uji, leo ameketi. Nilipanga kwenda Ijumaa. Nilitaka jambo moja tu, nimkute.

Alhamisi asubuhi nilitoka darasani, nikafungua simu, nikakuta kaka yetu mkubwa amenitoa kwenye kikundi. Amenitoa! Damu ilinichemka. Tulikuwa tumebishana kuhusu kumhamishia mama Nairobi, nikadhani hiyo ndiyo adhabu yangu. Nikampigia, hashiki. Nikampigia dada.

"Aah, ni network tu imesumbua," akasema. "Wewe kuja tu nyumbani, polepole."

Mimi wa kuambiwa network imenitoa! Niliwasha gari saa hiyo hiyo, nikagombana na kaka kichwani njia nzima.

Nilifika nyumbani jioni. Viti vya kanisa vilikuwa vimepangwa uani. Kwetu habari kama hiyo haitumwi kwa simu. Unaletewa ukiwa umeketi, na mtu akiwa karibu nawe. Mjomba alinishika mkono, akaniketisha, akanipa chai, akangoja ninywe. Kisha akasema mama ametuacha mchana ule. Nililia mbele ya watu wote na sikujali.

Baadaye kaka alikuja kuketi nami. "Daktari alipotuambia hali imebadilika, nilikutoa," alisema. "Ungesoma ukiwa kwa usukani, tungezika wawili."

Hasira yote iliniisha. Hata mimi ningefanya vivyo hivyo.

Nikamwomba nisikilize yale niliyokosa. Alisita sana kabla ya kunipa simu. Kulikuwa na sauti ya mama ya asubuhi ile, pumzi ikikatikakatika. Aliwasalimu watoto wake walio mbali, akataka kila mmoja aitikie amsikie. Wakaitikia, mmoja baada ya mwingine. Kisha mama tena: "Na profesa?"

Baada ya hapo hapakuwa na sauti yake nyingine.

"Mlimwambia nini?" niliuliza.

Kaka aliangalia chini. "Tulimwambia network imepotea huko kwako."

"Akasema?"

"Akasema basi tusizime simu, tungoje irudi."