Ukaguzi wa Isipingo

Mama yangu amekaa Durban zaidi ya miaka ishirini, lakini bado anaishi katika mji wa kampuni. Mji wenyewe uko Katanga, ulijengwa na kampuni ya shaba, na kampuni hiyo ilishakufa zamani. Nadhani mama hajaambiwa. Au aliambiwa, akaona habari hiyo haimhusu.

Alipofika hapa, hata kabla ya kujua unga unauzwa wapi, alishaupanga mji wa watu upya. Overport, ninakosuka nywele, akaifanya mtaa wa wasimamizi. Sydenham, tunakoishi, akawapa wafanyakazi wa kawaida wenye adabu. Isipingo kuna renki, yaani kituo cha taksi, na kila mtu anauza kitu, kwa hiyo akasema hiyo ni sité. Nikamuuliza wakubwa wenyewe amewaweka wapi. Akatazama huko juu Berea, akaniambia nisijisumbue, wale hatusalimiani nao.

Ili umwelewe mama, lazima uujue mji ule. Juu kabisa walikaa wakubwa, kwenye nyumba zenye bustani na bwawa la kuogelea. Bwawa hilo hatukuliona, tulisikia tu watoto wao wakijirusha majini. Chini yao wasimamizi, vyumba vitatu kila familia. Chini zaidi wafanyakazi, kwenye nyumba mbilimbili zilizopeana mgongo, choo uani. Halafu uzio wa waya. Nje ya waya ndiko sité, walikokaa watu wasioandikwa katika daftari lolote la kampuni, waliokuja kutuuzia kuni, mkaa, unga na pombe. Bomba la kiwanda lilijengwa mahali ambapo upepo uliupeleka moshi wote kwao. Hata moshi ulijua vyeo.

Sisi tulikaa kwenye nyumba zilizopeana mgongo. Nalisema wazi kwa sababu mama halisemi. Kila anaposimulia, nyumba yetu inaongezeka chumba. Mwaka jana, kwenye ubatizo wa mtoto wa jirani, vyumba vilifika vinne na baraza juu yake.

Kampuni ilitufanyia kila kitu isipokuwa kupumua. King'ora kilimwamsha baba na kikamrudisha nyumbani. Gunia la unga lilitolewa kwa idadi ya watoto, hivyo kila mtoto aliyezaliwa alishangiliwa mara mbili. Akina mama walipelekwa kwenye nyumba ya mafunzo, wakafundishwa kufuma sweta katika joto lile. Na kila mwezi alikuja mkaguzi wa usafi. Alipitisha kidole juu ya dirisha, akafunua masufuria, akachungulia chini ya vitanda, na mama akawa amesimama kando ya mlango, mikono nyuma, kama mwanafunzi aliyechelewa. Nyumba iliyoshinda kwa usafi ilizawadiwa sabuni. Kwa nini sabuni apewe yule aliye safi tayari, sikuelewa hata nilipokuwa mtoto. Lakini mama alishinda mara mbili, na hadi leo anazitaja zile mara mbili kama wengine wanavyotaja shahada zao.

Nami sina haki ya kumcheka sana. Wateja wangu wote, Warundi, Wakongo wenzangu, na dada mmoja Mzulu mwenye subira ya ajabu, wamenisikia nikijisifu kwamba kampuni ilitulisha mpaka mwisho. Hata ilipoacha kulipa mishahara na mgao ukakatika mitaani, kwetu unga haukukatika. Mama alituambia kwamba baba ana mkubwa anayemkumbuka. Nilikuwa na miaka kumi, bukari, yaani ugali wetu, ilikuwa mezani kila jioni, na mimi nilikula bila kuuliza maswali.

Basi binti yangu akapata mchumba. Yeye anauza simu sokoni, na kijana anazitengeneza meza mbili kutoka hapo. Ni kijana mpole, anayesali, na suruali yake imekaa kiunoni panapotakiwa. Baba wa binti yangu alishatangulia, kwa hiyo neno la mwisho katika familia ni la mama. Bila yeye hakuna posa wala kanisa. Binti aliniambia hataolewa huku bibi yake amenuna, halafu akalia. Nikaogopa kweli, maana huyu mtoto halii ovyo.

Mama alianza na swali lake.

"Baba yake alitumika kazi mu kampani?"

"Eish, Kambo," binti alimjibu. Kambo ndivyo tunavyomwita bibi. "Ile kampani ilishakufa!"

"Kampani inakufa. Watu yake iko. Huyu kijana ni wa wapi?"

"Mama yake anakaa Isipingo. Lakini ni wa mji yenu, ule ule."

"Mutaa gani?"

Binti hakujua. Watoto waliozaliwa Durban wanaulizana simu ya aina gani, mtaa gani hauwahusu.

"Donc basi nitaenda kuona nyumba," mama akasema. "Nitakagua."

Kwa desturi, upande wa kijana ndio unaokuja kwetu, wakae, wanyenyekee, nasi tuwacheleweshe kidogo kwa raha zetu. Sijawahi kusikia bibi wa bi harusi akienda kupitisha kidole juu ya friji ya watu. Nilimwambia hivyo. Akanijibu kwamba ndiyo sababu ndoa za siku hizi hazidumu, akaendelea kupiga pasi kitenge chake.

Jumamosi mchana kijana alikuja kutuchukua kwa gari aliloazima. Robot, yaani taa ya barabarani, ilipowaka nyekundu na gari likasimama, mama aligeuka kutupa amri kule nyuma. Alisema kwa sauti ya chini, kana kwamba dereva alikuwa kiziwi: kusionekane mtu anayekula. Ukila kwa watu, umeshakubali.

Mama wa kijana alikaa kwenye vyumba viwili nyuma ya duka. Ni mwanamke mwembamba, mdogo kwa mama kwa miaka michache, anayeuza nguo za watoto karibu na renki. Harufu ya sombe, kisamvu cha kwetu, ilitupokea getini, na nikaona ile amri itatutesa. Alitukaribisha viti. Mama hakukaa. Alianza kazi.

Alipitisha kidole juu ya dirisha, kisha juu ya friji. Akafunua sufuria, akanusa, akafunika. Akainama, goti likalia, akachungulia chini ya kitanda. Mwenye nyumba alisimama kando ya mlango, mikono nyuma. Aibu ilinipanda hadi masikioni. Kijana alitazama zulia, binti yangu akanitazama mimi, na mimi sikuwa na pa kutazama.

"Vumbi haiko," mama alisema, akionekana kusikitika kidogo.

"Angalia na nyuma ya kabati, mama," mwenye nyumba alimwambia kwa upole. Mpaka leo sijui kama alikuwa anamtania.

Mama akaangalia nyuma ya kabati. Ndipo akakaa.

"Bwana yako alitumika kazi gani mu kampani?"

"Hakutumika. Siye tulikuwa batu ya sité. Pale pembeni ya waya, kwenye mashini ya kusaga. Miye nilikuwa nauzisha bunga."

Nilifumba macho. Nilijua harusi imeishia hapo. Binti alinishika mkono mpaka kucha zikaniingia. Nilipofumbua macho nilimwona mama ameinama mbele, anamtazama yule mwanamke usoni.

"Ile mashini ilikuwa na mulango ya buluu?"

"Ya buluu, ndiyo."

"Unanikumbuka?"

Yule mwanamke alinyoosha kitambaa cha meza kilichokuwa kimenyooka tayari. "Watu walikuwa wengi, mama. Siwezi kukumbuka wote. Karibuni chakula."

Alikuwa anakumbuka. Hata kijana wake aliona. Alikuwa anamsitiri mama mbele yetu, na mama angeweza kuitikia "asante" tu, akarudi Sydenham na vyumba vyake vinne.

"Unakumbuka," mama alisema. "Nilikuja na viatu ya kazi ya baba yao, ile ya chuma kwenye vidole. Ukachukua, ukanipa bunga. Juma iliyofuata nilikuja mikono mitupu. Ukanipa. Nikarudi tena, ukanipa. Mwaka muzima."

"Ulikuwa na batoto," yule mwanamke alijibu, karibu hatukumsikia.

Nililia, sitaficha. Nililia kwa aibu na kwa shukrani, na kwa kuwa nimewadanganya wateja wangu miaka yote hii bila kujua. Na nilimhurumia mama, aliyekuwa akiruka waya, bila shaka alfajiri tukiwa tumelala, kwenda kuomba kwa watu aliotukataza tusicheze na watoto wao. Yeye hakulia. Alimgeukia binti yangu, akaninyooshea kidole.

"Huyu mama yako unayemuona munene hivi, alikomaa na bunga ya huyu. Miye nikague nini tena?"

Kisha akanawa mikono, akavuta sahani ya bukari, akamega tonge, na akala kabla ya yeyote kuombea chakula.