Kisu cha Mpini wa Mchi

Juzi mpini wa kisu changu ulichomoka nikiwa namenya muhogo. Nilikinunua dukani Majengo, hakijamaliza hata mwezi. Niliuokota mpini nikauchungulia: tundu limelegea, mti umenywea. Waliuchonga ukiwa mbichi. Wewe, ndugu yangu, labda ungekitupa ukanunua kingine. Mimi nilikaa nacho mapajani kwa muda mrefu, kwa sababu nimewahi kushika kisu ambacho mpini wake usingechomoka.

Ulikuwa mwaka wa njaa, baada ya vita vya Maji Maji. Tulikaa chini ya vilima vya Matogoro, bibi yangu na mimi, katika kibanda kilichojengwa kwa miti iliyoungua nusu. Baba alikunywa ile dawa ya maji iliyosemwa inazuia risasi, akaenda vitani, hakurudi. Maghala yalikuwa yamechomwa, mashamba pia. Tulikula mizizi ya porini. Ile iliyobaki karibu na nyumbani ilikuwa michungu, yenye sumu. Ilibidi kuimenya, kuikata vipande vyembamba na kuiloweka mtoni siku tatu. Bibi aliimenya kwa kigae cha chungu. Vidole vilimchanika, na kazi ya siku nzima ilitupatia kiganja kimoja cha chakula.

Nyumbani kwetu neno maji halikutamkwa. Bibi alisema tu, "Nenda mtoni ukachote," nami nilichukua mtungi.

Jirani yetu alikuwa mhunzi, mzee aliyeishi na mkewe. Askari wa Mjerumani walikuwa wametangaza kwamba mhunzi atakayewasha moto wake atahesabiwa anafua mikuki, na atapelekwa Boma. Tulijua waliopelekwa Boma hawarudi. Kwa hiyo mzee alikuwa ameining'iniza ukutani mivukuto yake, mifuko ya ngozi ya kupulizia moto, akawa anatafuta mizizi kama sisi.

Siku moja bibi alimpelekea kipande cha jembe lililovunjika na mchi wetu wa kutwangia.

"Nifulie kisu," alisema. "Huyu mtoto hatafika masika."

"Mama, unaiomba shingo yangu."

"Shingo yenyewe imebaki kama ya kuku. Wataining'iniza wapi?"

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Kisha alinitazama mimi, miguu kwanza, halafu tumbo, akaacha kucheka.

"Sikiliza, mjukuu wangu. Kisu hiki ni cha marehemu babu yako. Kimekuwapo siku zote. Ukiulizwa, unasemaje?"

"Ni cha marehemu babu."

"Basi. Usiongeze neno."

Alifanya kazi mchana, wakati kila nyumba inachemsha mizizi, ili moshi wake usijitenge na moshi wa wengine. Nilipewa mivukuto. "Vuta!" alininong'oneza. "Unaubembeleza moto, unadhani ni mtoto mchanga?" Alikichoma chuma mpaka kikawa chekundu, akakinyoosha kwa nyundo juu ya jiwe alilolifunika gunia ili kupunguza mlio. Upande mmoja aliutia makali, mwingine akauacha mnene. Nyuma alivuta mkia mwembamba, urefu wa kiganja changu, wa kuingia ndani ya mpini. Kisha alikichoma tena, akavuta mtungi karibu.

"Sasa tunakitia maji," alisema. "Bila hivyo kitapinda kwenye mzizi wa kwanza."

Bibi aligeuza uso.

"Neno ni la kazi yangu, mama," mzee alimwambia. "Lilikuwapo kabla ya vita."

Chuma kililia ndani ya mtungi, kikanyamaza.

Mpini ulitoka kwenye mchi. Hatukuwa na kitu cha kutwanga, na mti wake ulikuwa umekauka miaka mingi, usingenywea tena. Alikata kipande, akakichonga kifuate mkono wa bibi, akautia mkia motoni na kuusukuma mwekundu ndani ya mti. Akauchomoa, akausukuma tena. Mara ya tatu aliugonga ukazama wote. Moshi uliotoka ulinuka unga wa ulezi, ulezi wa miaka yote uliotwangwa kwa mchi ule. Tulisimama watatu tukiunusa.

Kwa kisu kile tulikula kila siku. Nilijifunza kumenya haraka kuliko bibi, nikaanza kuringa.

Askari wawili walinikuta mlangoni nikimenya. Niliwaamkia. Mmoja alikichukua kisu, akakigeuza.

"Cha nani?"

"Cha marehemu babu, bwana."

"Kumbe." Alimwonyesha mwenzake. "Tazama chuma chao. Ukikatia ugali kinapinda."

Mwenzake alicheka. Nami nikasema, "Hakipindi, bwana. Kimetiwa maji."

Kicheko kilikoma.

"Kimetiwa nini?"

Bibi alitoka mbio. "Ni maji ya mtungini, bwana. Kila chuma hutiwa maji. Ni kazi ya uhunzi tu."

"Na mhunzi ni nani?"

Bibi alifunga mdomo, lakini alikuwa amekwisha kusema. Kibanda cha jirani kilikuwa hatua thelathini kutoka pale. Mzee alijitokeza mwenyewe, mikono mitupu, akasema kisu kakifua yeye na mama huyu hajui kitu. Mpaka leo sijui kama askari yule kweli hakuelewa neno lile la uhunzi, au alikuwa anatafuta mtu wa kumpeleka. Walimfunga mikono, wakaondoka naye njia ya Boma. Kisu walikichukua. Mzee hakurudi.

Mkewe alikuwa mtoni wakati ule. Aliporudi, bibi alimwambia kwamba askari waliona mkaa mpya kibandani. Alilisema hilo bila kunitazama, na hatukulizungumza tena.

Wiki chache baadaye yule mama aliteremsha mivukuto ya mumewe, akaikata ngozi ya mivukuto ile, akaichemsha tangu asubuhi. Alituletea bakuli. "Mpe mtoto," alimwambia bibi. "Yeye ndiye aliyekuwa akimvutia moto." Nilikula. Ilikuwa ngumu, na ilinuka mkaa. Nadhani ngozi ile ndiyo iliyonifikisha masika.

Upande ule wa Matogoro hakuna tena anayefua chuma. Majembe yanatoka dukani, na watoto wanadhani ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo. Bibi alikufa. Mke wa mhunzi aliishi miaka mingi baada yake, akiniita mwanangu, nami nikimchotea mtoni na kumpasulia kuni. Nilijifunza kusoma na kuandika peke yangu nikiwa mtu mzima, na mara kadhaa nilikwenda kwake nimeyapanga vizuri maneno ya kumweleza nilichowaambia askari, la kwanza mpaka la mwisho. Kila mara alinikaribisha kiti na kuniuliza kama nimekula. Nilimwambia nimekula. Nilimzika bila kumwambia kitu kingine.