Delko Niliyoikaza kwa Sikio

Kwa miaka mingi hapa mtaani Buyenzi, kwenye kazi yangu ya ufundi wa magari, nimejisifia sikio langu. Mafundi wenzangu hupima wakati wa cheche kwa taa. Mimi huinama juu ya injini, nazungusha delko, kile kifaa kinachogawa umeme wa cheche, kidogo kidogo mpaka cheche za buji ziwake kwa wakati wake, kisha nakaza. Magari ya zamani yalinivumilia, na kiburi changu kikazidi kunenepa.

Ndipo mwalimu mmoja wa Kinanira akaniletea gari lake la mbio, la Kijapani, la miaka ya tisini, lenye turbo na kompyuta. Alilinunua bovu akalifufua polepole kwa miaka minne. Gari la aina hiyo, kabla hujagusa delko, sharti ufungue kisanduku kidogo chini ya boneti na kuunganisha matundu mawili kwa kipande cha waya, ili kompyuta iache kurekebisha cheche yenyewe. Usipofanya hivyo, wewe unasukuma nayo inavuta, na unachosikia si kweli. Nilijua. Lakini watu walikuwa wamesimama wakinitazama, nami nikaona haya kutafuta waya kama mwanafunzi. Nikaweka kwa sikio. Injini ikalia vizuri mno.

Siku ya tatu gari likarudi likivutwa kwa kamba. Injini yake ilikuwa imegongagonga kwenye mlima wa Kinanira, kisha ikatoa moshi. Nikafungua injini: pistoni imetoboka. Cheche zilikuwa zinawahi kupita kiasi. Kisanduku kile kilikuwa bado na vumbi lake juu ya kifuniko.

"Ni nini, fundi?" mwalimu akauliza.

"Ni essence. Ulinunua wapi?"

Alinunua petroli hiyo kwa mama mmoja Mkongomani, ambaye hupitisha mafuta mpakani Gatumba kwa vidumu na kuyauza karibu na karakana yetu. Siku hizi za uhaba, uongo huo hauhitaji kusukumwa. Mji mzima uko tayari kuamini kuwa essence ya kidumu ina maji. Mwalimu akaenda kumfokea mbele ya wateja wake. Asubuhi hiyohiyo mimi nilikuwa nimetia mafuta yake kwenye pikipiki yangu, nayo ilikwenda bila kukohoa.

Husemwa mchuma janga hula na wa kwao. Mimi langu nilimlisha mtu baki. Nilidhani yameishia hapo, lakini kesho yake, nimetoka kuswali adhuhuri na kanzu bado mwilini, nikamkuta yule mama ananingoja karakanani na kidumu. Hakuwa na hasira.

"Papa fundi, mi sijue mambo ya moteri. Nusa, uniambie ukweli. Kama iko mubaya, siwezi kuuzia watu."

Mafundi wote wakaweka spana chini kusubiri neno langu. Nikamimina kidogo kiganjani, nikasugua, nikanusa. Yalikuwa mafuta safi, yakakauka bila kuacha kitu. Aibu ilinipanda mpaka masikioni, na niliiogopa kuliko nilivyomwogopa Mungu niliyetoka kumsujudia.

"Iko na maji, mama."

Akanishukuru. Akaniombea baraka. Kisha akavikokota vidumu vyake vyote hadi mtaroni na kuvimwaga kimoja kimoja.

"Sogea kidogo, papa," akaniambia, "isirukie kanzu yako."