Neno la Mama la Kupigia Soga

Mama yangu alikuwa fundi cherehani, na mdomo wake ulikwenda sambamba na mguu wake. Ukimpelekea gauni la kupunguza, ulikaa kitako mpaka soga iishe, gauni lenyewe likiwa tayari zamani. Mungu alimchukua miezi miwili iliyopita. Ukimya wa chumba chake cha kazi unaniuma masikio, lakini nikikaa humo nakumbuka wiki aliyokuja mama mkwe wangu, na najikuta nacheka peke yangu.

Mama mkwe alitoka mbali. Alijua lugha ya kwao na Kiingereza. Mama alijua Kiswahili tu. Wangeshinda pamoja wiki nzima, na mama akakosa raha.

"Tukikaa kama mabubu," aliniambia, "atarudi kwao aseme mwanawe kaoa kwa watu wenye maringo."

Kwa kuwa nilifika kidato cha nne, akataka nimpe Kiingereza cha kupiga soga. Nikampa chat. Akalionja mdomoni, akalikataa: fupi mno, kama mkasi umekata uzi. Nikamwambia ipo small talk, maongezi madogo madogo ya mvua na jua. Akauliza ni nani anayefunga safari yote hiyo kuja kuongelea mawingu. Mwisho nikamtajia gossip, nikamwonya kwamba huo ni umbea, asiliguse. Nadhani hapo cherehani ilikuwa inalia, akalisikia neno bila onyo lake.

Mgeni alipofika, mama alimshika mikono yote miwili, akamkalisha kwenye kiti cha wateja, akatamka taratibu, kwa fahari: "Karibu, mkwe wangu. We gossip."

Nilitamani ardhi ipasuke. Mama huyu aliuhesabu umbea kuwa dhambi, na kila jioni aliuombea toba hata ule aliousikia tu kwa wateja. Mgeni aliweka mkoba chini, akatazama mlangoni, akasogeza kiti, akauliza jambo kwa sauti ya chini.

"Anasemaje?" mama akaniuliza.

"Anauliza tumsengenye nani."

Mama akalirudia neno hilo polepole. Kisha akaelewa, akacheka mpaka pini zikamtoka mdomoni. "Mwambie tuanze na wewe. Wewe upo hapa hapa, si kusengenya huko."

Basi mchana kutwa nikatafsiri aibu zangu mwenyewe: nilivyounguza shati la baba la harusi kwa pasi, ninavyokoroma. Mama mkwe naye akamwanika mwanawe, alivyokuwa akijificha chini ya kitanda kukwepa kuoga.

Siku ya tatu walinituma nyuzi dukani. Nilirudi mbio, nikihofu wamekwama bila mimi. Nikamkuta mama anasimulia kwa Kiswahili, mwenzake anajibu kwa Kiingereza, kila mmoja akimkata mwenzake kauli. Nikauliza kama nitafsiri.

"Mwanangu," mama akasema bila kugeuka, "watu wazima wanaongea."

Nikaketi kizingitini na nyuzi zangu, nikamshukuru Mungu.