Matanga ya Klabu ya Kijani

Klabu iliyomfanya baba yangu akatae kula haikuwa hata klabu kubwa. Ujerumani kuna timu zinazojulikana mpaka na watoto wa chekechea wa Voi, na hii haikuwa mojawapo. Ilikuwa ya mji mdogo, ikicheza ligi ya mkoa, na watazamaji wake wengi walikuwa wake za wachezaji pamoja na mbwa wao. Lakini mtaani kwetu Kaloleni ilitajwa kwa heshima, na ole wako uicheke mbele ya Baba.

Ilianza na mzungu mmoja mzee aliyekuja kutazama ndovu. Gari lake likaharibika karibu na uwanja wa mtaa, akashuka kunyoosha miguu, akamkuta Baba akifundisha timu yake kwa njia aliyoijua, yaani kwa kufoka. Mwaka uliofuata alirudi na mfuko wa jezi za kijani. Akatueleza kwamba yeye ndiye mtunza historia wa klabu hiyo, na kwamba kuanzia siku hiyo Baba ni mwanachama.

Baba alikuwa amestaafu reli. Maisha yake yote ya kazi alipokea treni kwenye stesheni ya zamani kwa bendera ya kijani. Reli mpya ilipokuja na stesheni yake nje ya mji, ile ya zamani ikanyamaza, naye akarudi nyumbani. Hakuna aliyemuuliza kitu. Alipoona zile jezi alizishika muda mrefu, akasema hiyo ni rangi anayoielewa.

Tangu hapo kila Jumamosi jioni ilikuwa kazi yangu kumsomea matokeo. Mzungu aliyaandika kwa Kiingereza kwenye simu yangu, nami nikayageuza Kiswahili nikiwa bado na sare ya duka la dawa.

"Wamefungwa tena, Baba."

"Na refa?"

"Hajasema habari za refa."

"Kwa sababu anaona haya."

Pamoja na matokeo ilikuja historia, kipande kwa kipande. Tulijua kwamba klabu ilianzishwa na wafanyakazi wa kiwanda cha matofali. Tulijua kwamba wakati wa vita uwanja ulilimwa viazi, na kwamba hata baada ya amani mpira ulidunda vibaya upande wa kusini kwa sababu ya matuta. Tulijua kwamba upepo uling'oa paa la jukwaa ukalipeleka ng'ambo ya mto, na wapinzani wa ng'ambo wakalipigilia kwenye jukwaa lao wakadai limejileta lenyewe. Baba aliwachukia watu hao kuliko alivyowahi kumchukia mtu yeyote wa Kenya.

Halafu ukaja ujumbe ambao sikutaka kuusoma. Wanachama walikuwa wamekutana, wakainua mikono, na klabu ikaunganishwa na ile ya ng'ambo ya mto. Jina limefutwa. Rangi itakuwa nyingine.

"Na wale wezi wa paa?" Baba aliuliza.

"Ndio hao."

Akaitundika firimbi yake msumarini, akaenda kulala akiuelekea ukuta. Chakula akawa hagusi ila chai ya rangi. Vijana wa timu walikuja dirishani, wakasimama, wakaondoka. Nilimwona amekonda shingoni na nikaogopa kweli, kisha nikakasirika kwa sababu ya kuogopa. Mtu mzima anakufa njaa kwa ajili ya timu ambayo hajawahi kuiona ikicheza!

Mama ni mtu wa Werugha, huko milimani, na hapotezi maneno. Alijaribu kugomba, akajaribu chapati, akajaribu kimanga, yaani maharagwe na mihogo vilivyopondwa pamoja, ambacho Baba hajawahi kukikataa tangu amwoe. Sahani ikarudi ilivyokwenda.

"Baba yako amefiwa na hakuna aliyekuja," aliniambia. "Tutakaa matanga."

"Ya nani?"

"Ya klabu."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Kwetu hakuna kifo bila kamati, kwa hiyo jioni hiyo hiyo kamati ikakaa sebuleni. Mwenyekiti alikuwa jirani yetu wa kanisani, mama aliyeongoza misiba mingi kiasi kwamba ukikutana naye njiani unajipima homa.

"Marehemu aliugua?" aliuliza.

"Ameunganishwa," nikamjibu.

"Kuunganishwa ni ndoa hiyo. Sasa ameolewa ama amekufa? Tujue kama tunapika chakula cha harusi."

Likawa suala. Wengine walisema ni ndoa, tena ya kulazimishwa. Mama akalimaliza: msichana akiolewa hafutwi jina, na huyu amefutwa, kwa hiyo amekufa. Likapita.

Kisha mazishi. Mama alipendekeza tuzike mpira mmoja mzee Werugha, shambani kwa kaka yake, ambako udongo ni laini. Hapo sauti ikatoka chumbani, sauti ambayo hatukuwa tumeisikia siku nyingi.

"Azikwe kwa wakwe?"

Baba ni mtu wa magharibi ya Kenya, na watu wa huko hawafanyi mzaha na mahali pa kuzikwa. Mwenyekiti akamjibu kupitia ukutani, "Sasa mzee, azikwe wapi?"

"Kwao!"

"Kwao ni Ujerumani."

"Basi maiti isafirishwe!"

Maiti haikuwepo. Ikaamuliwa kuwa ni matanga bila mazishi. Mwenyekiti, ambaye kwao ni Taveta, alikuwa na jambo moja la mwisho. "Lakini hawa Wajerumani si ndio walituingilia Taveta na bunduki, ile vita ya kwanza? Leo tuwalilie?"

"Hao ni wengine!" Baba akapiga kelele. "Hawa walikuwa wanapanda viazi!"

Jumamosi hema likasimama mbele ya nyumba, na viti vya plastiki, na kipaza sauti cha kanisa. Picha ya klabu ilikuzwa, ikawekewa maua. Mimi nilipewa wasifu wa marehemu niusome, na nilikuwa nimejaa haya mpaka masikio yanawaka, maana wateja wangu wa duka la dawa walikuwa wamekaa mstari wa mbele wakiwa wamenuna vizuri kabisa. Baba bado alikuwa chumbani, dirisha wazi.

"Marehemu alizaliwa na wafanyakazi wa kiwanda cha matofali," nikaanza, na mama mmoja nyuma akaguna kwa uchungu.

Nilikuwa nimefika kwenye viazi pikapu ilipoingia. Ilijaa vijana wenye jezi za kijani, zile zile. Akashuka mwanamume wa makamo aliyevaa jezi hiyo hiyo, kofia mkononi, akasema wametoka kijiji cha Marungu, wamesikia msiba, na wao pia ni wa marehemu.

Minong'ono ikapita hemani: nyumba ndogo imefika. Watu walimtazama Mama kwa huruma, kwa mazoea tu.

Mlango wa chumbani ukafunguka. Baba alitoka na fulana na shuka kiunoni, akaenda moja kwa moja mpaka kwa yule mtu, akamshika jezi shingoni.

"Yenu ina kola? Zetu hazina."

"Shikamoo mzee. Ndio, ina kola."

"Alikuja kwenu lini?"

"Siku gari lake lilipoharibika kwetu."

Baba akanigeukia. "Mpigie."

Mzungu alitokea kwenye simu akiwa jikoni kwake. Nilimuuliza habari ya Marungu, naye akakiri bila kusumbua. Jezi zilikuwa nyingi ghalani na kwao hakuna aliyezitaka. Kisha akaliona hema, akauliza nani amefariki.

"Klabu yako," nikamwambia, nikangoja acheke.

Alivua miwani. Alisema kwao waliinua mikono, wakakunja viti, wakaenda kunywa bia. Hakuna hata mmoja aliyewataja watu wa matofali. Akaniomba niendelee kusoma, ingawa haelewi neno. Mwenyekiti akaishika simu juu ili mzungu aone.

Nikasoma mpaka paa, mpaka kuunganishwa. Nilipofika "marehemu ameacha," Baba alininyang'anya kipaza sauti.

"Ameacha timu ya Kaloleni," alisema. Akamtazama yule wa Marungu. "Na hawa wenye kola." Watu wakacheka, naye akangoja wamalize. "Marehemu alikuwa na watu wake. Walikuja alfajiri. Walifagia, hata kama hakuna abiria. Treni ilipochelewa walisimama na bendera mvuani, kwa sababu dereva lazima aone kuna mtu. Halafu siku moja wakaambiwa asanteni. Wakaenda nyumbani. Na hakuna aliyekuja hata kuwaambia pole."

Hakuna aliyemsahihisha. Mama ndiye aliyeanza kulia, kilio chenyewe cha msiba, na wengine wakamfuata, na mimi nikalia mpaka wasifu ukalowa. Kwenye simu yule mzungu naye alikuwa akijifuta kwa taulo la vyombo.

Baba akakaa kando ya mwenzake wa Marungu, akauliza kama kimanga kimebaki. Mama akamletea sahani. Alikula kama mtu aliyetoka safari, halafu akasema chumvi ni kidogo.

"Chumvi iko mezani," Mama akamwambia, machozi bado yanamtoka. "Inuka uchukue."

Akainuka.