Kwenda Pemba Kuangalia Popo

Juzi nilipanga foleni ya tiketi za meli ya Pemba, hapa Tanga. Mbele yangu alisimama bwana mmoja, darubini shingoni.

"Shikamoo, mama," akamwamkia mkata tiketi.

"Marahaba. Pemba unakwenda kufanya nini?" akauliza mama wa dirishani.

"Kutembea tu. Kuangalia msitu na popo."

Mama akaweka kalamu chini. "Popo?"

"Wa kule ni wakubwa, mama."

"Mwanangu, kuna msiba?"

"Hakuna."

"Una jamaa huko?"

"Sina."

"Basi ni karafuu!"

Foleni nzima ikaguna. Siku hizi biashara ni ruksa, lakini karafuu za magendo bado zinafungisha watu. Mzee mmoja wa Makorora akaikodolea macho ile darubini kama ndiyo pishi ya kupimia karafuu. Askari wa mlangoni akaanza kujisogeza.

Bwana yule akainamisha kichwa, akasugua sakafu kwa ncha ya kiatu. "Kusema kweli, mama, nakwenda kuoa."

Kigelegele kilichotoka dirishani kilimrudisha askari mahali pake. Tiketi ikakatwa papo hapo, mzee akaomba dua, bibi mmoja akatoa halua ya kumpelekea mkwe.

Na eti tunataka watalii! Mtu akija kwa maiti, kwa mke au hata kwa magendo, tunamwelewa. Akija kwa popo, tunamwitia askari. Nilitaka kumtetea, lakini zamu yangu ikafika.

"Na wewe je?" mama akauliza.

Nikaibana darubini yangu kwapani.

"Mimi, mama, ndiye mshenga."